Korongo la Mto Songwe

Mito miwili yaitwa Songwe. Mmoja ni mpaka wa Tanzania na Malawi, nao huingia katika Ziwa Nyasa. Wa pili hupita kati ya Mkoa wa Mbeya na Mkoa wa Songwe, ukaishia katika Ziwa Rukwa, ambalo halina mto utokao. Huu wa pili ndio wenye korongo na chemchemi za maji ya moto.

Mtu ashukaye korongoni, akaifuata njia ya kando ya maji, huona mwamba mweupe-mweupe uliotanda kama nta iliyoyeyuka ikaganda. Mwamba huo umejengwa na maji yenyewe. Maji ya moto yakiwa chini ya ardhi huyeyusha chokaa. Yatokapo juu, hewa iliyomo ndani yake hutoroka, kama povu la soda, na chokaa hubaki. Hivyo utando huwekwa juu ya utando kwa maelfu ya miaka, na kazi hiyo haijakoma. Maji hayo huunguza; asiyajaribu mtu kwa mkono.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni ya maji baridi. Mvua yaweza kunyesha mbali, mto utokako, na hapa jua likawaka. Maji ya mto yakigeuka rangi ghafula na kuchukua majani na vijiti, gharika iko nyuma. Msafiri asingoje kuiona, wala asikimbie kuufuata mto. Na apande juu mara moja, mahali alipopachagua tangu aliposhuka.