Programu Zinazobeba Injini Yake: Kwa Nini Kusasisha Kompyuta Pekee Hakutoshi

Watumiaji wengi wa kompyuta huamini kuwa wakisasisha mfumo endeshi na kivinjari cha intaneti, vifaa vyao viko salama. Imani hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Zipo programu nyingi zinazobeba ndani yake sehemu nyeti ambazo masasisho hayo hayazifikii. Usalama wa sehemu hizo humtegemea mtengenezaji wa kila programu, pamoja na mtumiaji anayekubali au kupuuza masasisho yake.

Programu iliyoandikwa kwa lugha kama Java, Python au JavaScript haijitoshelezi. Huhitaji injini ya kusoma maagizo yaliyoandikwa na kuyatekeleza. Injini hiyo, pamoja na maktaba zake, ndiyo ambayo wataalamu huiita rantaimu.

Kwa miaka mingi, rantaimu ilisakinishwa mara moja katika kompyuta na kutumiwa na programu zote zilizoihitaji. Aliyetaka kutumia programu ya Java, kwa mfano, alilazimika kwanza kupakua Java yenyewe. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro. Programu moja ilipohitaji toleo la zamani na nyingine toleo jipya, mojawapo iliweza kugoma kufanya kazi, na mtumiaji akabaki na ujumbe wa hitilafu asioujua maana yake.

Ili kuondoa usumbufu huo, watengenezaji wengi sasa hufungasha rantaimu ndani ya programu. Java 9, iliyotolewa Septemba 2017, ilikuja na zana ya jlink, inayomwezesha mtengenezaji kuchukua sehemu za Java anazozihitaji pekee. Zana ya jpackage, inayotengeneza faili kamili la kusakinisha, ilikuwa sehemu ya kudumu ya toleo la 16 mwezi Machi 2021. Kwa upande wa Python, tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015 kipo kifurushi kidogo cha Windows kilichokusudiwa kuwekwa ndani ya programu nyingine. Programu ya ramani ya QGIS na ile ya kazi za ofisi ya LibreOffice, zikisakinishwa katika Windows, huja na Python yake. Nazo Signal, Slack na Visual Studio Code zimejengwa juu ya Electron, mfumo unaofungasha pamoja kivinjari cha Chromium na rantaimu ya JavaScript iitwayo Node.js.

Manufaa yake ni makubwa. Programu husakinishwa kwa hatua moja, hata kwa faili lililobebwa kwenye flashi hadi mahali pasipo na intaneti. Aidha, toleo la rantaimu alilolifanyia majaribio mtengenezaji ndilo hilohilo analolitumia mwananchi.

Hata hivyo, utaratibu huu una gharama. Programu ndogo iliyojengwa kwa Electron inaweza kuzidi megabaiti 100, kwa kuwa inabeba kivinjari kizima. Kompyuta yenye programu tano za aina hiyo huwa na nakala tano za kivinjari, na kila moja hutumia nafasi na bando lake wakati wa kusasishwa.

Gharama kubwa zaidi ni ya usalama. Tarehe 11 Septemba 2023, Google ilitoa sasisho la Chrome kurekebisha kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2023-4863, na ikaeleza kuwa ilikuwa na taarifa za kasoro hiyo kutumika katika mashambulizi. Kasoro hiyo ilikuwa katika libwebp, maktaba inayofungua picha za aina ya WebP, na picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kuwa mlango wa mshambuliaji. Kusasisha Chrome kulitibu Chrome peke yake. Programu za Electron zilizobeba maktaba hiyo zilibaki na kasoro hadi kila moja ilipopata sasisho lake. Ni sawa na msafiri aliyekuja na jiko lake la gesi: jiko hilo likivuja, kukarabati jiko la mwenyeji hakusaidii.

Kwa sababu hiyo, mwananchi anashauriwa kukubali masasisho ya kila programu anayoitumia, kupakua programu kutoka kwenye tovuti rasmi za watengenezaji, na kuondoa zile asizozihitaji. Programu ambayo haijasasishwa kwa miaka mingi inastahili kutiliwa shaka hata kama inafanya kazi vizuri. Python 2.7, kwa mfano, ilifikia mwisho wa huduma tarehe 1 Januari 2020, hivyo programu inayoendelea kuibeba hubeba pia kasoro zilizogunduliwa baadaye.

Kwa taasisi zinazonunua au kutengenezewa mifumo, maswali matatu yanapaswa kujibiwa kabla ya mkataba kusainiwa: programu inabeba rantaimu ipi na ya toleo gani, nani atatoa sasisho kasoro ikigundulika, na ndani ya muda gani, na huduma hiyo itadumu kwa miaka mingapi. Majibu hayo yasipoandikwa, taasisi inaweza kujikuta na mfumo unaofanya kazi kila siku, lakini usio na mtu mwenye wajibu wa kuulinda.