Gitaa inaunguruma: kubadilisha mikro, ao kuanza na waya?

Ibada haijaanza. Ampli imewashwa, na mbele ya mpiga solo kugusa uzi hata mmoja, bafle inatoa mngurumo unaosikika mpaka viti vya nyuma. Wapiga gitaa wa Barumbu na wa Kisangani yote wanaijua sauti hiyo. Mara nyingi jibu linatoka haraka: mikro imekufa, tununue ingine. Korali inachanga feza, mtu anayeenda Kinshasa anapewa dola, kisha watu wanangoja. Kipande kikifika na hakifai, nani atakirudisha? Ndiyo maana ni vizuri kujua mambo machache mbele ya kutoa feza.

Mikro ya gitaa inafanya nini

Mikro ya gitaa si kama ile ya kuimbia. Ni sumaku iliyozungukwa na waya wa shaba mwembamba sana, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, na ampli inaukuza. Kwa hiyo uzi wa nailoni hausikiki, lakini waya wa breki ya baiskeli, ambao wengine wanaufunga kwenye gitaa, unasikika, sababu ni chuma.

Kazi hiyo haina uchawi. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono No 1 ya Kinshasa, aliyefariki mwaka 2015, alipigisha likembe kwa mikro zilizotengenezwa na sumaku za vipuri vya magari ya zamani. Dunia nzima ikasikiliza.

Anza na vitu visivyo na bei

Kwanza azima kabulo ingine. Kabulo iliyokatika ndani inaunguruma sawa na mikro mbovu. Kisha zungusha vifungo vya sauti: vikikwaruza, viko na vumbi. Fungua pia kibati cha jeki, uangalie kama waya umeachia.

Gusa nyuzi kwa mkono. Mngurumo ukipungua, mikro yenyewe inaweza kuwa nzima, na gitaa inahitaji kufunikwa ndani kwa karatasi ya shaba ao ya aluminiyomu iliyounganishwa na masi. Lakini umeme ukikupiga unapogusa nyuzi na mikro ya kuimbia pamoja, zima vyote mara moja. Hapo kosa liko kwenye ampli ao umeme wa nyumba, na linaweza kuua mtu. Mikro mpya haitasaidia kitu.

Fundi wa redio mwenye multimetri anaweza kupima mikro kwa dakika chache. Ya koili moja mara nyingi inaonyesha omu 5,000 mpaka 8,000. Ya koili mbili, 7,000 mpaka 16,000. Kama multimetri haionyeshi kitu, waya wa ndani umekatika, na sasa kweli kubadilisha kunafaa.

Sauti ikiwa dhaifu tu, chukua turnevisi. Skrubu za pembeni zinapandisha ao kushusha mikro. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, uache nafasi ya milimeta 2 ao 3 hivi. Ukiisogeza karibu kupita kiasi, sumaku inavuta nyuzi na gitaa haishiki tena sauti.

Koili moja ao mbili

Mikro ya koili moja, kama zile tatu za gitaa ya Stratocaster na za kuigwa kwake, inatoa sauti kali na safi. Kila noti inasimama peke yake. Kasoro yake: inakamata pia mngurumo wa umeme wetu wa hezi 50, na mahali penye gurupe ao taa mbaya inakuwa taabu.

Mwaka 1955 Seth Lover, injinia wa kampuni ya Gibson kule Marekani, aliomba hati ya uvumbuzi wa mikro ya koili mbili. Koili hizo zinageuziana sumaku na waya, hivi kwamba mngurumo unajiua wenyewe lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa. Mikro hiyo iko kimya, na sauti yake ni nene zaidi.

Katikati kuna njia mbili. Kuna mikro za koili mbili zilizobanwa katika umbo dogo. Zinaingia kwenye tundu la koili moja bila kuchonga mbao. Na kuna njia ya bure: kwenye gitaa nyingi za mikro tatu, ile ya katikati imegeuzwa. Weka kibadilishio nafasi ya 2 ao ya 4, usikie kama mngurumo unashuka.

Nguvu si uzuri

Wachuuzi wanapenda kusema mikro fulani "iko na nguvu". Mikro za omu nyingi sana zimetengenezwa hasa kwa muziki wa roki wenye sauti iliyopasuka. Kwenye seben, pale noti zinakimbizana, nguvu hiyo inazichanganya. Diblo Dibala, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1954, alijulikana kwa kasi yake. Kasi ya namna hiyo inadai sauti safi. Kwa solo na mi-solo, mikro ya nguvu ya kawaida inatosha. Mpiga akompanyema anayecheza karibu na gurupe anaweza kupendelea koili mbili.

Mbele ya kulipa

Pima urefu na upana wa mikro ya zamani, na nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita juu yake. Uliza kama mpya inatumia betri ya volti 9, sababu betri ikiisha katikati ya ibada, gitaa inanyamaza. Vifungo vya sauti navyo vinahesabika: kwa koili moja huwekwa vya omu 250,000, kwa koili mbili 500,000. Mwambie fundi achore waya za zamani kwenye karatasi mbele ya kukata. Ikiwa baada ya kazi mikro mbili pamoja zinatoa sauti nyembamba kama ya redio ndogo, mara nyingi inatosha kugeuza waya mbili za ile mpya.

Na ile ya zamani, hata kama imekufa, usiitupe. Sumaku yake bado inafanya kazi.