Zawadi za Idi na Haki ya Jirani Muuzaji

Ndugu zetu Waislamu, Idi ikaribiapo kila nyumba huwa na hesabu yake: kanzu ya baba, gauni la binti, kofia ya kijana, na kitu kidogo cha kumpelekea bibi. Kupeana zawadi ni jambo jema, na Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza, kwani huzaa mapenzi. Lakini leo twapenda kuuliza neno moja: zawadi hizo twazinunua kwa nani?

Na tuutazame mji wa Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mkulima wa huko hupata fedha kwa msimu. Katika miezi ya mvua, mahindi yangali mabichi shambani, mfuko huwa mtupu. Na mara nyingi mwenye duka la mtaani ndiye ampaye sukari na sabuni, akaandika katika daftari na kungoja. Kisha ufuta huvunwa, hupelekwa katika ghala la ushirika, hupigwa mnada, na fedha huingia mkononi. Miaka hii Idi ya Kuchinja huangukia Mei au Juni, karibu na majira hayo hayo. Ndipo mtu apandapo basi kwenda Songea, yapata kilomita 70, akanunua nguo za watoto, akarejea jioni akipita mbele ya duka ambalo daftari lake lingali na jina lake. Je, huo ndio uungwana?

Hatusemi kwamba kununua mjini ni haramu. Biashara ni halali popote. Twasema kuwa deni hutangulia zawadi, na jirani ana haki. Ujira apewao fundi cherehani wa barazani hununua unga dukani kwa jirani, na mtoto wake naye huvaa nguo mpya. Nauli ya basi haimvishi mtoto yeyote wa mtaa wetu.

Vijana wakumbuke kisa cha Abdurrahman bin Auf. Alipohamia Madina mwaka 622, Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko, akaanza kuuza jibini na samli. Aliinuka kwa jasho lake, na kwa kuwa walikuwapo watu wa kununua kwake.

Wauzaji nao wasidhani kwamba ujirani ni ruhusa ya dhuluma. Suratul Mutaffifin yawaonya wapunjao vipimo. Mwenye duka asipandishe bei mkesha wa Idi, wala fundi asipokee vitambaa asivyoweza kuvimaliza, watoto wakaenda kuswali na nguo kuukuu.

Basi, ndugu msomaji, lipa kwanza la daftarini. Mpelekee fundi kitambaa mapema, umlipe kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyofundishwa. Mwenyezi Mungu atubarikie Idi zetu na riziki za majirani zetu. Amin.