Programu Moja, Mashine Nyingi

Mwandishi wa programu za kompyuta hushinda akiandika na kusahihisha maandishi. Chombo chake ni programu ya uhariri, na vidole vyake huizoea kama seremala aizoeavyo randa. Taabu huanza ahamiapo kompyuta yenye mfumo mwingine wa uendeshaji, kwani huko programu ile haikubali kufanya kazi.

Mfano mzuri ni vi, iliyoandikwa na Bill Joy katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1976, kwa ajili ya mfumo wa Unix. Ndani yake mlikuwa na sehemu zilizotokana na programu ya zamani zaidi, mali ya kampuni ya AT&T, hivyo haikuweza kugawiwa huru. Waliotaka kitu cha namna hiyo katika kompyuta ndogo za nyumbani iliwabidi waandike upya. Mwaka 1987 Tim Thompson alitoa Stevie kwa kompyuta ya Atari ST. Mholanzi Bram Moolenaar, mwenye Amiga, alianzia hapo akatengeneza Vim, akaitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka uliofuata ilihamishiwa Unix, na baadaye MS-DOS, Windows na Macintosh.

Je, programu huhamishwaje? Vim imeandikwa kwa lugha ya C, ambayo hutafsiriwa upya katika lugha ya kila mashine. Sehemu inayotafuta neno au kufuta mstari haibadiliki. Inayobadilika ni ile inayozungumza na mfumo: kusoma vibonye, kuandika herufi kiooni, kufungua faili. Sehemu hizo zilitengwa, kila mfumo na yake.

Hata hivyo, tofauti ndogo ndiyo isumbuayo zaidi. Tuchukue mwisho wa mstari. Unix huuonyesha kwa alama moja, namba 10. MS-DOS ilitumia mbili, 13 ikifuatwa na 10, kama mashine ya chapa inayorudisha kwanza gari lake kisha kusogeza karatasi. Macintosh za zamani zilitumia 13 peke yake. Faili la MS-DOS likifunguliwa kwa vi ya kale, kila mstari ulionekana na mkia wa ajabu, ^M. Vim hulichunguza faili kwanza, ikatambua desturi yake, na huihifadhi wakati wa kuandika.

Mwaka 1994 Moolenaar aliishi Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akijitolea kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto. Sehemu hiyo ilikuwa imeathiriwa vibaya na UKIMWI, na yatima walikuwa wengi. Tangu hapo Vim ilitolewa bure kwa yeyote, ila mtumiaji aliombwa kuwachangia watoto hao. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Kwa miaka mingi, aliyeifungua Vim bila faili, awe na mfumo wowote, alikutana na ombi hilo kiooni kabla hajaandika herufi moja.