Walivuka Limpopo Kufuata Muziki

Kwa sikio lililozoea taarabu, roki ni makelele, na hilo siliondoi. Lakini safari ya Harare ya tarehe 7 Oktoba, 1988, ilikuwa na jambo zaidi ya gita.

Vijana wa Kizungu kwa maelfu walitoka Afrika Kusini. Kutoka Johannesburg ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa gari, mpaka uvuke mto Limpopo pale Beitbridge. Taabu yote hiyo ya nini? Ni kwamba kwao wakubwa wa muziki walikuwa hawaji. Tangu 1980 Umoja wa Mataifa uliwataka wasanii waisusie nchi ile ya ubaguzi, na Bruce Springsteen alikuwa mmoja wa walioimba katika sahani ya "Sun City" ya 1985, ya kukataa kupiga huko.

Basi wakamfuata. Jukwaani walikuwapo pia Tracy Chapman, na Youssou N'Dour, Muislamu mwenzetu wa Senegal. Uwanjani wakachanganyika na Waafrika, watu ambao kwao sheria ilikataza hata kuishi nao mtaa mmoja. Springsteen akawasemea ubaguzi waziwazi.

Kisha wakageuza magari kurudi kusini, ambako wavulana wa Kizungu walilazimishwa kuingia jeshini.