Mtandao wa kijamii wa nyumbani: Juba inautaka, lakini nani ataulipia?

JUBA. Amri iliyotolewa hapa Januari 22, 2025 ilitaja siku 30 kuwa kima cha chini, na 90 kuwa ukomo. Kwa muda huo wasambazaji wa intaneti walitakiwa kufunga mitandao ya kijamii, baada ya video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, Sudan, kusambaa kwenye simu. Juba ilikuwa tayari imechafuka: maduka ya Wasudani yalikuwa yameporwa, na watu hawakuruhusiwa kutoka nje usiku. Wiki haikuisha, mitandao ikafunguliwa. Wazo la nchi kuwa na mtandao wake wa kijamii halikuzaliwa siku hizo, ila siku hizo ndizo zilizowafanya wafanyabiashara walitazame kwa jicho la pesa.

Mama mmoja anayeuza nguo za kike na mawigi katika soko la Konyokonyo ana malalamiko marefu, na inafaa asikilizwe mpaka mwisho, kwa maana hali yake ni ya wengi. Mzigo wake hutoka Kampala kwa mkopo, hupita Nimule, na sehemu kubwa huuzwa kabla hata haujafunguliwa, kwa picha anazoweka mtandaoni. Mteja wa Gudele au Munuki huchagua, hulipa kwa simu, na boda humpelekea mlangoni. Mitandao ilipofungwa, anasema, wateja hawakumfuata sokoni. Walikaa kimya tu, huku tajiri wa Kampala akiendelea kudai pesa zake kana kwamba Juba hakuna lililotokea.

Lakini anasema kufungwa kwa mitandao si jambo linalomkera zaidi. Tangazo la kulipia linataka kadi ya benki inayokubalika nje, naye hana, hivyo humwomba mtoto wa dada yake aliyeko Kampala amlipie, kisha humrudishia kwa dola alizonunua mtaani kwa bei ya siku hiyo. Kuna wakati ukurasa wake uliibwa na mtu aliyeanza kupokea malipo ya wateja kwa jina lake. Alijaza fomu ya malalamiko kwa Kiingereza alichosaidiwa kuandika, na hakuna aliyemjibu. Katika mji huu, anasema, hata ukidhulumiwa na mwenye nyumba unajua utakwenda kwa chifu gani. Anachotaka ni mtandao wenye ofisi anayoweza kuifikia kwa boda.

Hoja hiyo ina uzito kuliko hotuba za uzalendo. Mitandao ya kigeni inavuna wateja Juba bila kuwa na dawati hata moja la kuwahudumia, na kwenye pengo hilo ndipo mtandao wa nyumbani unapoweza kupata nafasi.

Afisa mmoja anayeijua sekta ya mawasiliano, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa, anaona swali la biashara hii limekwisha kujibiwa na takwimu moja: asilimia 72 ya wananchi wako chini ya umri wa miaka 30. Aliirudia mara kadhaa. Vijana hao, anasema, ni soko ambalo hakuna mwekezaji mwenye akili atakayeliacha, na serikali inachosubiri ni wabunifu wajitokeze.

Takwimu hiyo ni ya kweli, ila inatokana na sensa ya 2008, iliyofanyika miaka mitatu kabla ya uhuru, na hakuna sensa nyingine iliyofanyika tangu hapo. Takwimu rasmi za miaka hiyohiyo zilionyesha pia kwamba asilimia 83 ya watu waliishi vijijini, na kwamba mtu mzima aliyejua kusoma na kuandika alikuwa takriban mmoja kati ya wanne. Ujana peke yake haununui bando. Kijana wa kijijini asiye na umeme wa kuchajia simu si mteja wa mtandao wowote, uwe wa nyumbani au wa California, na afisa anayechukua asilimia moja na kuziacha nyingine hamsaidii mwekezaji.

Miundombinu imesogea, hilo haliwezi kukanushwa. Nchi ilipata uhuru Julai 2011, ikasubiri hadi 2019 ndipo kikoa chake cha .ss kikaidhinishwa kuingia kwenye mfumo wa dunia. Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009, lakini mkongo wa ardhini kutoka Uganda ulifika Juba 2020. Kabla yake mji ulitegemea zaidi setilaiti, na bei zake. Huduma za pesa kwa simu, zilizoanza 2019, ndizo zilizomwezesha mama wa Konyokonyo kuuza bila kumwona mnunuzi.

Gharama ndizo zinazouma. Kabla ya pauni kuachwa ielee Desemba 2015, dola moja ilikuwa rasmi chini ya pauni 3, na leo inahesabiwa kwa maelfu. Seva hukodishwa kwa dola, mafuta ya jenereta yanafuata dola, na kijana hodari wa programu akipata kazi Nairobi au Kampala, haulizi mara mbili. Matangazo, kwa upande mwingine, hulipwa kwa pauni, tena kwa kuchelewa. Mfanyabiashara wa matangazo anayejua hesabu za Juba anasema wanunuzi wakubwa ni kampuni za simu, benki, viwanda vya bia na maji, na mashirika ya misaada. Hao wa mwisho ndio wenye uhakika wa malipo: nafasi za kazi na zabuni zao ndizo zinazowafanya watu wafungue tovuti za hapa kila asubuhi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, miradi ikafungwa, na matangazo ya kazi yakapungua. Aliyekuwa amejenga hesabu zake juu ya mashirika hayo sasa ana shida.

Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho mtandao wa nyumbani unaweza kukifanya kuliko wa kigeni, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndicho kinachostahili fedha. Nchi hii ina lugha zaidi ya 60. Mtu anaweza kuandika uchochezi kwa Kidinka, Kinuer, Kibari au kwa Kiarabu cha Juba kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, na mkaguzi aliyeko mbali asielewe hata neno moja. Mwaka 2016, vita vilipokuwa vimerudi, wachunguzi wa kimataifa waliripoti kwamba mitandao ya kijamii ilikuwa ikitumiwa kukuza matukio, kueneza uongo na kuchochea chuki. Mengi ya maneno hayo yaliandikwa na watu waliokuwa Marekani, Kanada na Australia, salama, huku waliolipa wakiwa hapa. Mkaguzi aliyekulia Malakal au Bor anajua neno lipi ni utani wa ng'ombe na lipi ni wito wa kuua. Kazi hiyo inaokoa maisha, na inaweza kuajiri vijana wengi.

Ila mkaguzi huyo ana kabila lake. Chapisho likifutwa, wa kwanza kuulizwa atakuwa yeye: wewe ni mtoto wa nani? Mtengeneza programu mmoja aliyekulia kambi ya Kakuma, Kenya, anayezungumza Kiswahili kama mtu wa Eldoret, anasema suala hilo humkosesha usingizi kuliko seva. Angependa kila uamuzi wa kufuta upitiwe na watu wa jamii tatu tofauti. Alipopiga hesabu ya mishahara yao, anasema, mradi wote ulisimama.

Halafu kuna swichi. Julai 2017 tovuti nne zilizosomwa sana na watu wa nchi hii zilizuiwa. Usiku wa kuamkia Agosti 30, 2021, siku iliyopangiwa maandamano, intaneti ilikatika Juba. Mwaka huohuo ilitoka amri ya muda kuhusu makosa ya mtandaoni, yenye maneno mapana kiasi cha kumtia hofu hata anayeuza samaki. Afisa wetu anasema mtandao wa nyumbani hautahitaji kufungwa kwa sababu utakuwa na nidhamu. Wafanyabiashara wanaposikia hivyo huelewa kwamba utafungwa kwa urahisi zaidi: seva ikiwa Juba, inatosha gari moja kwenda kuizima, na majina ya wateja yakachukuliwa.

Hofu hiyo ina mfano katika ukanda huu. Tanzania ina jukwaa la mtandaoni lililoanza 2006, likakua kwa Kiswahili na kwa kuaminika, bila fedha ya serikali. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zikaja na leseni na ada zilizozidi shilingi milioni 2, na jukwaa likafunga milango kwa muda. Septemba 2025 leseni yake ilisimamishwa, tena kwa siku 90. Kampala nayo iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, ikaiacha 2021 na kuleta kodi ya asilimia 12 kwenye data. Ethiopia ilitangaza Agosti 2021 kwamba inajenga mitandao yake badala ya ile ya Marekani, lakini watu wake bado wako kwenye ile ya kigeni. Hata Uholanzi, yenye utajiri na umeme usiokatika, ilikuwa na mtandao wake ulioanza 2004 na kupendwa na watu wengi, nao ulizimwa 2013.

Wanaoijua biashara hii Juba hawakubaliani juu ya kitakachofuata. Wapo wanaosema ianze ndogo: ubao wa kazi, soko la bidhaa, pesa kwa simu ndani yake, mazungumzo baadaye. Njia hiyo inaonekana kuwa na uhai, ikiwa kampuni za simu zitakubali data yake iwe ya bei nafuu, na hakuna dalili kuwa ziko tayari. Wapo wanaongoja serikali itoe mtaji, na hao huenda wakapata mtandao usio na watu. Bila sheria inayosema nani anaweza kuzima, kwa amri ya nani na kwa muda gani, mwekezaji wa nje atauliza bei ya hatari hiyo, na jibu halitampendeza.

Mama wa Konyokonyo alipoulizwa kama angehamia, alisema angefungua ukurasa siku ileile ya kwanza, kwa sharti kwamba akiibiwa kuna mtu wa kumwona. Ukurasa wake wa zamani, aliongeza, hataufuta. Wateja wake wako kule, na mkopo wa Kampala hausubiri wahame.