Magunia ya viazi yamekumaliza mgongo? Soma hii kabla ya kulipia mwanga wa leza

Kama umewahi kufika Kibirichia msimu wa kuvuna viazi, picha hii unaijua. Lori limeegeshwa kando ya shamba, matope yamefika kwenye magurudumu, baridi ya Mlima Kenya inakata masikio, na vijana wa rika lako wanapandisha magunia moja baada ya jingine. Hakuna mashine ya kuinua. Ni mgongo, shingo na magoti tu. Jioni wanalipwa, wanapiga chai na chapati, na kesho kazi ni ile ile.

Gunia lenyewe ndilo noma. Kanuni za zao la viazi zilizochapishwa mwaka wa 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini mkulima yeyote wa Buuri atakuambia kuhusu lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu hadi linafanana na mtu aliyevaa kofia. Mkulima anapunjwa, maana analipwa kwa gunia wala si kwa kilo. Naye anayelibeba anapunjwa mara ya pili, kwa uti wake wa mgongo. Tangu mwaka wa 1967, Shirika la Kazi Duniani limependekeza kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mkono. Lumbesa haijawahi kusikia habari hizo.

Sasa tuseme wewe ni mmoja wa vijana hao. Una miaka 24, na kila asubuhi unashuka kitandani kama mzee. Usiku ukiwa kwenye simu unapitia video ya mtu anavunjwa-vunjwa mgongo hadi unalia “kwa!”, kisha anamulikwa taa nyekundu na kuinuka akitabasamu. Bila sindano, bila tembe. Unajiuliza: hii kitu inafanya kazi kweli, ama ni njia nyingine ya kula doo zangu?

Ama pengine uko upande wa pili. Umesomea tiba ya viungo, unataka kufungua kliniki mashinani badala ya kubanana Nairobi, na muuzaji wa vifaa anakwambia leza ndiyo itakutofautisha na wengine. Makala haya ni yenu nyote wawili, kwa sababu siku moja mtakutana mlango mmoja.

Kazi ya mkono, kwa maana mbili

Tuanze na huyo anayevunja mgongo. Fani yake inaitwa kairopraktiki, neno lililoundwa kutoka Kigiriki kwa maana ya kazi inayofanywa kwa mkono. Ilianzia mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka wa 1895, pale D.D. Palmer aliposukuma mfupa wa mgongo wa Harvey Lillard, mfagiaji aliyekuwa na shida ya kusikia, na kudai kwamba kusikia kwake kulirudi. Dai hilo madaktari wengi hawajawahi kulikubali. Lakini kwa maumivu ya mgongo na shingo, kusukuma viungo kwa mkono kumechunguzwa sana, na kuna nafuu ya kiasi fulani kwa baadhi ya watu.

Ile sauti ya “kwa!” isikutishe wala isikudanganye. Si mfupa unaorudi mahali pake. Ni mapovu ya gesi katika majimaji ya kiungo, sawa na unapovunja vidole.

Hapa Afrika, kozi ya kairopraktiki inafundishwa Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na Chuo Kikuu cha Johannesburg, na huchukua takriban miaka sita. Ndiyo maana wataalamu wake Kenya ni wachache, na mtu wa Kibirichia ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuhudumiwa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyehitimu KMTC. Kwa hivyo swali la leza linawahusu wote wawili: mbona mtu aliyejenga kazi yake juu ya mikono anunue taa?

Sababu zipo, na si za kijinga. Mikono huchoka. Wagonjwa wengine wanaogopa kuvunjwa. Wengine, kama nyanya mwenye mifupa iliyodhoofika, hawafai kabisa kusukumwa kwa nguvu. Na kuna yule aliyefika jana tu ameumia, hata kuguswa hataki. Kitu kinachoweza kupunguza maumivu bila kumgusa mtu kina nafasi yake.

Taa hii ilitoka wapi

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Mei 1960, kwa kutumia jiwe la rubi. Mwaka wa 1967, mwaka ule ule wa pendekezo la kilo 55, daktari Endre Mester wa Budapest, Hungary, alikuwa akichunguza athari za leza kwa panya walionyolewa manyoya. Akashangaa: panya waliomulikwa walirudisha manyoya haraka kuliko wenzao. Baadaye akaanza kuijaribu kwa vidonda vilivyokataa kupona.

Hii si leza ya kukata nyama kama ile ya upasuaji. Nguvu yake ni ndogo, kwa kawaida chini ya miliwati 500, na haichomi. Ndiyo maana wengine huiita leza baridi. Marekani iliruhusu kifaa cha aina hii kuuzwa kwa ajili ya maumivu ya shingo na bega mwaka wa 2002, na hapo ndipo kliniki nyingi za kairopraktiki zikaanza kuinunua.

Inavyofanya kazi inaeleweka kwa sehemu. Mwanga unaotumika ni mwekundu na ule ulio karibu na mwekundu usioonekana kwa macho, kati ya nanomita 600 na 1,000. Mwanga wa aina hii hupenya ngozi vizuri zaidi kuliko wa rangi nyingine, lakini hata hivyo ni sentimita chache tu. Ndani ya seli kuna mitokondria, vile vijiwanda vinavyotengeneza nishati, na kuna kimeng'enya mle kinachonyonya mwanga huo. Seli inapata nishati zaidi, mtiririko wa damu unabadilika, uvimbe unaweza kupungua.

Kuna mambo mawili ambayo video haikuambii. La kwanza ni dozi. Mwanga ukiwa kidogo sana, hakuna kinachotokea. Ukizidi, faida inapotea. Kwa hivyo taa ya bei poa uliyoagiza mtandaoni, isiyoandikwa nguvu yake wala urefu wa wimbi lake, ni tochi tu. La pili ni ngozi yetu. Melanini, ile rangi inayotufanya tuwe weusi, hunyonya mwanga, hasa ule mwekundu, kabla haujafika chini. Mtaalamu anayetumia kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu cha mashine bila kuangalia aliyelala mbele yake hajui anachofanya.

Ushahidi unasema nini

Hapa ndipo pesa zako zinaamuliwa, kwa hivyo twende polepole.

Kwa shingo, habari ni nzuri kiasi. Mwaka wa 2009 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 16 yenye wagonjwa 820. Leza ya nguvu ndogo ilipunguza maumivu ya shingo, na kwa wale wenye shingo sugu nafuu ilidumu hadi wiki 22.

Kwa vidonda vya mdomoni vinavyowapata wagonjwa wa saratani wanaotibiwa, mwanga huu unapendekezwa na wataalamu wa saratani kimataifa. Hapo hakuna utani.

Kwa mgongo wa chini, ule hasa unaomuuma mbeba viazi, mambo ni tofauti. Mwaka wa 2008 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyokuwapo na kusema hayatoshi kutoa uamuzi wa kuikubali wala kuikataa. Yaani kliniki ya Kibirichia itakayonunua leza itakuwa ikitibu zaidi sehemu ambayo leza ina ushahidi hafifu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya mgongo Desemba 2023. Yaliyopendekezwa ni mambo yasiyong'aa: kumwelimisha mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, kusukumwa viungo kwa mkono, kukandwa, na dawa fulani za kupunguza uvimbe. Yasiyopendekezwa ni pamoja na mikanda ya kubana kiuno na dawa kali za jamii ya afyuni. Tatizo lenyewe si dogo: mwaka wa 2020 watu takriban milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini.

Wewe unayetaka kufungua kliniki

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mashine inakugharimu Sh400,000 na unatoza Sh500 kila kikao. Unahitaji vikao 800 kurudisha pesa tu, kabla ya kodi ya nyumba, stima na msaidizi. Ukipata wagonjwa wanne wa leza kwa siku, siku 25 kwa mwezi, hiyo ni miezi minane.

Hatari iko hapo, na si ya hesabu. Ukishakuwa na deni la mashine, kila mgongo unaoingia mlangoni utaonekana unahitaji leza. Utaanza kuuza vifurushi vya vikao kumi, Sh5,000 taslimu, kwa kijana ambaye kila siku anayokuja kwako ni siku ya kibarua aliyokosa, na bado hajalipa bodaboda. Jiulize kama ungemuuzia kaka yako.

Ukiamua kununua, anza na leseni. Wataalamu wa fiziotherapia wanasimamiwa na baraza lao chini ya sheria ya mwaka wa 2014, na vifaa vya matibabu viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha karatasi za kifaa chake, mwache aende. Kisha chumba: mlango unaofungwa, kioo cha kujitazama kiondolewe kwa sababu kinarudisha mwanga, na miwani ya kinga kwako na kwa mgonjwa, inayolingana na mwanga wa mashine yako. Ule mwanga usioonekana ndio mbaya zaidi, kwa sababu jicho halijui lifumbe. Usimulike palipo na saratani, tumbo la mjamzito, wala koo ilipo tezi.

Halafu weka daftari. Muulize mgonjwa maumivu yake ni ngapi kati ya 0 na 10, na muulize kitu anachoshindwa kufanya: kuinama kufunga kamba za viatu, kuendesha pikipiki hadi Meru mjini bila kusimama. Baada ya vikao vinne uliza tena. Kama hakuna kilichobadilika, acha, umwambie ukweli. Mji mdogo una kumbukumbu ndefu. Mtu uliyemwambia “hii haikusaidii, usipoteze pesa” atakuletea wengine.

Wewe mwenye mgongo unaouma

Usilipie kifurushi kabla hujapimwa. Uliza maswali matatu: umesomea wapi na leseni yako iko wapi? Hii mashine ina nguvu gani na utanimulika kwa dakika ngapi? Mbali na taa, utanifundisha mazoezi gani? Akikosa jibu la hilo la tatu, inuka uende. Leza inaweza kuwa nyongeza ya mazoezi. Haiwezi kuwa badala yake.

Kuna dalili ambazo hazingoji kliniki ya mtu yeyote. Ukifa ganzi katikati ya mapaja, ukishindwa kuzuia mkojo au kwenda haja, mguu ukianza kulegea, au maumivu yakianza baada ya kuanguka kutoka kwenye lori, nenda hospitali leo hii. Vilevile ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku na unakonda. Kifua kikuu huingia kwenye mifupa ya mgongo pia, na hicho hakitibiwi kwa kumulikwa. Ukimulikwa miezi mitatu huku kinakula mfupa, unaweza kuishia kwenye kiti cha magurudumu.

Mgongo mwingi wa kawaida, hata hivyo, hupungua ukali ndani ya wiki chache ukiendelea kutembea badala ya kulala kitandani. Tembea. Inua gunia mkiwa wawili, likaribie kifua, magoti yakunjwe, na usijipinde ukiwa nalo.

Na lile gunia lenyewe tulizungumzie. Ukimtibu kijana Jumatatu na Jumanne akarudi kwenye lumbesa ya kilo zaidi ya 100, umempaka rangi ukuta unaoanguka. Vijana wanaopakia pamoja wanaweza kukubaliana kutogusa gunia lenye kilemba. Mmoja akikataa, atafukuzwa na mwingine achukue nafasi yake. Wakikataa wote ishirini, lori haliondoki. Nawe mwenye kliniki, karatasi unayompa mgonjwa ikionyesha mazoezi yake, chapisha nyuma yake kwamba sheria ni kilo 50. Karatasi hiyo itakugharimu chini ya leza, na itafika shambani ambako taa yako haifiki.